Kamba Ileile Waliyofungiwa: Wanawake wa Bengal na Hadithi Zao Fupi

(Wengi mliniandikia kwamba Jumamosi mvua iliwazuia, basi haya ndo niliyosema siku hiyo ukumbini, nimeyaweka kama yalivotoka mdomoni. Mkikuta nimejirudia mjue nilijirudia kweli.)

Shikamooni mama zangu. Dada zangu hamjambo? Na kaka zangu, nawaona, mko watatu, mmekaa karibu na mlango sijui mnajiandaa kukimbia au vipi. Sogeeni mbele bwana, hatuli watu.

Nianze na mtoto mmoja wa kike wa Kolkata, kule India, miaka ya 1910 na kitu. Kwao bibi yake alishakataa katakata watoto wa kike kupelekwa shule. Shule ni ya wavulana, basi. Sasa kaka zake wakikaa na vitabu vyao wanasoma kwa sauti, yeye anakuja anakaa mbele yao, upande wa pili wa kitabu, anaangalia. Anaangalia tu. Hakuna aliyemfukuza, maana nani ana habari na katoto ka kike kanakochungulia? Ikaja kujulikana kumbe anasoma. Ila alizijua herufi zikiwa kichwa chini miguu juu, kwa sababu ndo alivoziona kutokea upande ule aliokaa.

Mtoto huyo ni Ashapurna Devi. Kazaliwa 1909, darasani hajawahi kukanyaga, akiwa na miaka 13 akatuma shairi kwa siri kwenye jarida la watoto likachapwa, akiwa na 15 akaolewa, na humo humo kwenye kupika na kulea akaandika hadithi fupi zaidi ya elfu moja. Elfu moja jamani! Riwaya sijazihesabu. Mwaka 1976 akapewa tuzo ya Jnanpith, ambayo ni tuzo kubwa sana ya fasihi huko India, mwanamke wa kwanza kuipata.

Sasa mi nimeanza naye kwa sababu ya ile namna ya kukaa. Waliomweka upande wa pili wa kitabu walidhani wamemnyima kitabu. Kumbe wamempa kiti.

Na hicho ndo nilichokuja nacho leo, hicho kimoja tu. Tukisikia mwanamke kapinga mfumo dume vichwani mwetu yanakuja mabango, yanakuja maandamano, kesi, kugonga meza. Hadithi fupi za wanawake wa Bengal zina kitu kingine. Mle ndani mwanamke kafungwa kamba, kisu hana, pesa hana, kwao kwa kurudi hana, kitu pekee kilichopo mkononi mwake ni kamba yenyewe aliyofungiwa. Afanyeje? Anaishika kamba ileile, anaivuta kutokea upande wake. Kamba ileile! Mniwekee hilo neno.

Kabla sijaenda mbali, kuna aliyeniuliza hapo nje, Wabengali ndo hawa Wahindi wetu wa madukani? Hapana. Wahindi tuliowazoea sisi huku wengi asili yao Gujarat na Kutch, huko magharibi. Bengal iko mashariki kabisa, pale mto Ganges unapoingia baharini, na mwaka 1947 walipokata nchi wakaikata na Bengal yenyewe vipande viwili, upande wa Kolkata ukabaki India, upande wa Dhaka ukawa Pakistan halafu 1971 ukawa Bangladesh. Kwa hiyo Mbengali anaweza akawa Mhindu, anaweza akawa Mwislamu, lugha ni moja, na chakula ni wali na samaki. Hilo la samaki msilisahau, tutalirudia mwishoni.

Haya. Twende kwenye kutawishwa.

Mama zangu wa mwambao neno hili halihitaji tafsiri kwenu. Mwanamke anawekwa ndani, asionekane. Rokeya Sakhawat Hossain, mzaliwa wa Pairaband, Rangpur, mwaka 1880, anasimulia kwamba yeye alianza kufichwa akiwa na miaka 5, na kufichwa kwenyewe siyo kwa wanaume tu, hata wanawake wageni wakiingia nyumbani mtoto anakimbizwa huku na huku ajifiche wasimuone. Baba yake mtu wa kusoma, lugha kadhaa anazijua, lakini binti yake ajue kusoma Kibengali? Weee. Kaka yake mkubwa alikuwa anasubiri mzee alale, usiku mwingi anawasha mshumaa, anamfundisha.

Mwaka 1931 Rokeya alitoa kitabu cha visa vya utawa huo, 47, vifupi vifupi, kingine nusu ukurasa. Unaanza kwa kucheka. Halafu unafika kwenye kile cha mwanamke aliyekuwa anabadilisha treni, kavaa buibui lake zito, kajikwaa, kaanguka kule chini kwenye reli. Wapagazi wanakuja mbio wamtoe. Mtumishi wake wa kike anapiga kelele, msimguse bibi yangu, mwanaume asimguse! Anamvuta peke yake, hawezi. Treni ikangoja nusu saa. Nusu saa nzima watu wamesimama wanaangalia, mikono wanayo, na hakuna wa kushika. Mwisho treni ikaondoka. Ikapita juu yake. Na hakufa hapohapo, alichukua masaa.

Tunyamaze kidogo.

Sasa huyu Rokeya mwaka 1911 alifungua shule ya wasichana Kolkata, ana wanafunzi 8. Ili wazazi wakubali basi la shule lilizibwa pande zote, hakuna upenyo, ndani giza, joto la Kolkata mnalisikia tu, watoto wanatapika, wengine wanazimia. Akasema basi tufungue kidogo, tuweke mapazia ya nguo hewa ipite. Si wakaanza kumletea barua za vitisho! Eti upepo ukipuliza pazia linacheza, watoto wanaonekana, basi lako halina heshima. Mnamwona huyu mama alivobanwa? Ukiziba watoto wanazimia, ukifungua unaambiwa umewavua nguo. Ungefanya nini wewe?

Jibu lake aliliandika miaka 6 kabla hata ya hiyo shule. 1905, kwenye jarida moja la kule Madras, hadithi fupi kwa Kiingereza, Ndoto ya Sultana. Mume wake alikuwa naibu hakimu, mtu mzima, mgane aliyemuoa akiwa binti mdogo, na tumpe haki yake, alikuwa anamsukuma mkewe asome. Basi mume yuko safarini kikazi, mke kabaki peke yake, anaandika kupitisha muda. Mume karudi, kaokota yale makaratasi, kasoma hivyohivyo kasimama, hakukaa mpaka ikaisha. Kamaliza kasema: kisasi cha kutisha!

Kisasi gani? Sikilizeni. Sultana amejinyoosha kwenye kiti, usingizi unamchukua, anakuja mwanamke anamwita Dada Sara anamtoa matembezi. Nje mchana kweupe, Sultana hajazoea, anatembea kajikunyata. Wapita njia wanamcheka. Anauliza wanasemaje? Anaambiwa wanasema umekaa kiume-ume. Kiume vipi? Yaani una haya na woga, kama wanaume.

Wanaume wa nchi hiyo wako wapi sasa? Wako ndani! Wametawishwa. Wanapika, wanalea. Wanawake ndo wenye vyuo vikuu viwili, kimoja wamebuni puto la kuvuta maji mawinguni hata mafuriko hakuna, kingine wanakusanya joto la jua, wanapikia, jikoni hakuna moshi. Kumbukeni ni 1905, sisi saivi ndo tunahangaika na majiko ya sola. Halafu kuna mahali Sultana anauliza, nyie kazi za ofisi mnaziweza pamoja na kudarizi huku? Sara anamwambia, wanaume wanasema wanafanya kazi masaa saba, lakini sigara moja ikichukua nusu saa na mtu anavuta 12 kwa siku, hayo ni masaa sita ya kuvuta tu. (Kaka zangu wale pale mlangoni wanaangaliana.)

Lakini ninapopataka mimi ni hapa. Iliwezekanaje wanaume wakaingia ndani? Adui alivamia nchi, jeshi la wanaume likapigwa likachakaa, malkia akaita wanawake wenye akili, mkuu mmoja wa chuo, mama, akasema sisi tutajaribu, tunalo jua letu. Ila kuna ombi. Sisi ni wanawake tuliotawishwa, heshima yetu mnaijua, hatuwezi kutoka nje wakati wanaume wako nje. Kwa hiyo kwanza wanaume waingie ndani, ndipo sisi tutoke. Wakaingia, hoi wamechoka na vita, hata hawakubisha. Wanawake wakatoka wakammulika adui na joto la jua, akakimbia. Na wale wanaume mlango haukufunguliwa tena.

Mmeiona kamba? Hakuvunja sheria ya utawa. Aliifuata! Neno kwa neno aliifuata, kaishika upande wa pili tu, na nchi nzima ikageuka.

Twende kwenye tumbo la uzazi.

Hapa namleta Selina Hossain, wa Bangladesh, kazaliwa 1947, na hadithi yake ya Motijan na mabinti zake. Kwanza mjue kitu kimoja, huko mambo ya mahari yamegeuka. Mwislamu wa Bangladesh kwa dini mume ndo anatoa mahari, kama huku, lakini kwa desturi upande wa mke unadaiwa vitu na pesa kupeleka kwa mume, na hiyo desturi sheria imeipiga marufuku Bangladesh tangu 1980 na India tangu 1961, lakini desturi haisomi magazeti. Motijan kaolewa, baba yake aliahidi vitu, havijafika. Basi mama mkwe, Gulnoor, mwanamke mjane mwenye amri ya nyumba nzima, anamkalisha binti wa watu kama deni. Chakula kwa kipimo. Maneno kutwa. Mume yupo, Abul, ni mtu wa kulala nje kwa mwanamke mwingine na kurudi kwa mama yake, na kwa mkewe habari hana. Mwaka unapita, mimba haipo, zikaanza zile nyimbo tunazozijua wote humu: tasa huyu, tumbo limekauka, mwanangu nitamuoza mwingine.

Halafu Motijan anapata mimba. Anazaa mtoto wa kike. Anapata tena. Wa kike tena. Mama mkwe anaita kikao, majirani wamejaa uani, anatangaza namtafutia mwanangu mke mwingine, huyu anazaa mabinti tu, ukoo wangu utashikwa na nani?

Mama zangu, hapo Motijan anacheka. Uani mbele za watu anacheka. Anasema, ukoo wako? Ningemngojea mwanao, hata hawa wawili nisingewapata.

(Hapo ukumbi ulilipuka, wale mliokuwepo ni mashahidi. Nilingoja dakika nzima.)

Haya, haya, tulieni. Mnacheka lakini angalieni alichofanya. Hajasema mwanamke ana haki kama mwanaume. Hajasema kuzaa siyo kila kitu. Kasema sawa, mnataka ukoo, mnataka damu yenu, mnanipima kwa tumbo? Haya tumbo hili hapa, na humo ndani hakuna mtu wenu hata mmoja. Ukoo mzima uko kwenye kauli ya mwanamke aliyekuwa anapimiwa wali. Najua kuna wengine hapa mnajisikia vibaya, maana Motijan katoka nje ya ndoa na kwa dini zetu hilo halina mjadala. Mimi sikumleta mnifanyie kesi yake. Nimemleta kwa sababu mwandishi hakumpa njia safi, na nadhani alifanya makusudi.

Na msidhani kila mwanamke kwenye hadithi hizi anapinga. Mahasweta Devi, mwandishi aliyezaliwa Dhaka 1926 akafa Kolkata 2016, anaye Jashoda. Mume wake kakanyagwa miguu na gari la mtoto wa matajiri, kalemaa, basi Jashoda anaenda kunyonyesha watoto wa nyumba hiyohiyo ya matajiri, wakaza wana wao wasiharibike umbo. Ili maziwa yasikauke inabidi awe anazaa kila mara. Kazaa 20. Na anajivuna! Anaamini yeye ni mama wa ulimwengu, jina lake lenyewe ni la yule mama aliyemlea mungu Krishna. Anakufa kwa saratani ya matiti, hospitali, peke yake, katika wote aliowanyonyesha hakuna wa kumwekea maji mdomoni. Jashoda kamba hakuiona, aliiona kama kanga mpya. Nikimaliza hadithi ile huwa natoka nje kidogo.

Kabla ya hadithi inayofuata niseme kitu pembeni. Kuna wanaume wa Bengal walioandika kuhusu haya, na vizuri tu. Tagore mwenyewe, yule mshairi mkubwa wa Bengal, mwaka 1914 ana hadithi ya mke anayemwandikia mumewe barua kwamba simrudii, kaondoka zake yuko Puri, kando ya bahari. Naipenda. Lakini nikiisoma najiuliza, shemeji yangu huyu nauli kapata wapi? Anakula nini huko Puri? Wanawake wakiandika wao swali la nauli halikosekani. Motijan haendi popote. Anabaki uani palepale, na ile nyumba inabidi imzoee.

Sasa aibu. Hapa naomba wenye watoto wadogo muwatoe wakanywe juisi.

Mahasweta tena, mwaka 1978. Dopdi Mejhen, miaka 27, Msantali, hao ni watu wa misituni, wenyeji wa asili, waliokuwa wakilima mashamba ya matajiri kwa madeni yasiyoisha. Ukame umekuja, tajiri Surja Sahu visima anavyo, wanakijiji kawanyima maji. Wakamuua. Serikali ikaleta jeshi, kijiji kikapigwa, Dopdi na mumewe Dulna wakaingia msituni na wapiganaji. Dulna akapigwa risasi akiwa kalala kifudifudi anakunywa maji. Dopdi anatafutwa, tangazo limebandikwa, zawadi rupia 100. Anayemwinda ni Senanayak, ofisa msomi, anajua falsafa ya adui kuliko adui mwenyewe, vitabu vyote kasoma.

Dopdi anakamatwa jioni. Anahojiwa, hasemi. Senanayak saa ya chakula imefika, anawaambia askari mfanyieni kinachotakiwa, anaenda zake kula. Mnaelewa maana ya kinachotakiwa. Usiku kucha.

Wahindu kwenye utenzi wao mkubwa wa Mahabharata wana Draupadi, Dopdi ni jina hilohilo lilivotamkwa na maskini. Yule malkia waume zake walimpoteza kwenye kamari, walioshinda wakataka kumvua nguo mbele ya baraza la wafalme, akamwomba Krishna, na nguo ikawa kila wakivuta haiishi. Wanavuta haiishi. Muujiza, heshima imelindwa. Mahasweta kachukua jina lile, kaondoa muujiza. Hakuna Krishna anayekuja.

Asubuhi wanamwambia vaa, mkubwa anakuita. Wanamletea maji. Anayamwaga. Nguo anaichana kwa meno. Anatoka nje, jua limewaka, anatembea kuelekea kwa Senanayak kama walivomfanya, damu na majeraha yote, kichwa kaweka juu. Askari hawajui waangalie wapi. Yule msomi anasema nguo zake ziko wapi? Na Dopdi anacheka, midomo imepasuka inatoka damu, anamwambia, nguo za nini? Kunivua mnaweza, kunivisha tena mtaweza? Wewe ni mwanaume? Hapa hakuna mwanaume wa mimi kumwonea aibu.

Anamsogelea, anamsukuma kwa kifua chake kilichojeruhiwa. Na hadithi inaisha hivi, Senanayak kwa mara ya kwanza anaogopa kusimama mbele ya mtu asiye na silaha. Anaogopa sana.

Kwa nini anaogopa? Ana bunduki, ana kikosi, ana serikali. Anaogopa kwa sababu kazi yote ya usiku ule ilikuwa na lengo moja, aamke ana aibu. Aibu ndo kamba. Ukimbaka mwanamke unategemea ajifunike, ajifiche, anyamaze, na yeye ndo akulindie siri yako. Dopdi kakataa kujifunika. Aibu ile ikabaki haina pa kukaa, ikawarudia wenyewe.

Mtaniambia ni hadithi tu. Mwaka 2000 kule Manipur, kaskazini mashariki ya India, Heisnam Kanhailal aliigeuza kuwa tamthilia, na mkewe Sabitri, mama mtu mzima, ndo akaigiza Dopdi, mpaka mwisho, bila nguo. Watu walikasirika mno. Miaka minne baadaye, Julai 2004, kijana mmoja wa kike huko Manipur alichukuliwa nyumbani usiku na askari wa kikosi cha Assam Rifles, akakutwa amekufa, mwili una risasi na majeraha. Siku chache baadaye wakina mama 12, mama zetu kabisa, wengine bibi za watu, walikwenda mbele ya lango la ngome ya Kangla ambako kikosi kile kilikuwa na makao, wakavua nguo zote wakaanza kupiga kelele kwa wale askari, njooni, tubakeni na sisi, sote ni mama zake. Mwaka haukuisha, kikosi kiliondoka Kangla. Sisemi wale mama walikuwa wamesoma Mahasweta, na wala haihitajiki. Walikuwa wameijua kamba.

Na kuonyesha kwamba hadithi bado ina meno, 2021 Chuo Kikuu cha Delhi kiliiondoa kwenye mtaala wake wa Kiingereza. Kurasa chache tu hizo, za 1978!

Yupo na Mary Oraon, wa Mahasweta huyohuyo, nitampitia mbio maana naona saa. Kabila lake lina sikukuu ya kuwinda, na kila baada ya miaka 12 zamu ya kuwinda ni ya wanawake. Kuna mkandarasi wa kukata miti anamfuatafuata Mary, anamshika njiani, haambiliki. Mary anamwambia haya, nitakuja, siku ya sikukuu. Akaja. Na panga. Akamwinda kama mnyama mwingine yeyote, akamtupa korongoni, akaoga mtoni, akarudi kucheza ngoma na wenzake. Zamu ilikuwa ya wanawake, si ndo mila inavosema?

Sasa nimalizie na aliyenitesa zaidi ya wote. Nilisema msisahau samaki.

Mjane wa Kihindu wa tabaka la juu huko Bengal, kwa desturi ya zamani, mume akifa bangili zinavunjwa, rangi nyekundu ya utosini inafutwa, anavaa nyeupe, na chakula kinabadilika mpaka anakufa. Nyama hakuna, kitunguu hakuna, saumu hakuna. Samaki hakuna. Kwa Mbengali! Ni kama umwambie mtu wa Pemba leo ndo mwisho wako kuonja samaki, na hukukosa lolote, mumeo tu kafa. Anakaa anawapikia wengine, yeye anapika chake pembeni.

Ashapurna Devi, yuleyule mtoto wa herufi za kichwa chini, ana hadithi inaitwa Chhinnamasta, ni jina la mungu wa kike aliyejikata kichwa mwenyewe akanywa damu yake. Ndani yake kuna Jayabati, mjane, ana mtoto mmoja wa kiume aliyemlea kwa tabu. Kijana anaoa. Mkwe, Pratibha, ana ulimi, na mume kamshika. Taratibu mama anasogezwa pembeni kwenye nyumba yake mwenyewe. Anabezwa. Mpaka kile chakula chake cha ujane kinakuwa kitu cha kusemewa.

Kisha yule kijana anakufa, ghafla.

Na mkwe sasa ni mjane. Kavaa nyeupe. Sahani zao zimekuwa sawa. Na Jayabati, mama aliyefiwa na mwanawe wa pekee, ananyanyuka. Sauti imerudi, nyumba imerudi, anashughulika na chakula cha mkwe wake, mboga hizi za ujane, kula mama, kula. Kwa upole kabisa! Huo upole wake sijui niuweke wapi.

Huyu kashika kamba ileile, na nimekuwa nikiwaambia asubuhi yote kwamba kuishika kamba ndo kupinga. Lakini aliyeko upande wa pili wa kamba hii ni nani? Siyo Senanayak. Siyo mkandarasi. Ni binti mwenye miaka ishirini na kitu aliyefiwa juzi. Desturi haikumtetemesha mwanaume hata mmoja humo ndani, kilichotokea ni imepata mtu wa kuisimamia. Halafu mkisoma mtajikuta, nawaahidi, kwa sekunde moja mmemfurahia Jayabati. Mi nilimfurahia. Nikajichukia.

Nilimsimulia mama yangu mzazi hadithi hii kwenye simu, nikamuuliza, mama, huyu kapinga au hakupinga? Akakaa kimya, akaniambia, wewe huna mkwe bado.

Basi fotokopi za hadithi zote ziko pale mezani, chukueni, Chhinnamasta nimetoa nyingi zaidi. Naona bi mkubwa wa mstari wa mbele anatikisa kichwa tangu nilipotaja zile mboga, na yeye mkwe anaye, kakaa naye hapohapo. Mpeni maiki.